Niliyoyasoma Kwenye Daftari la Mpwa Wako

Chumba cha kushonea,
Nyuma ya duka la dawa.
12 Septemba

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi, na kabla ya jingine lolote: u mzima? Safari hii nauliza kwa dhati, siulizi kwa mazoea. Unalala? Unakula? Ule mkono ulioungua kwenye kazi ya kuchomelea umepona? Mimi sijambo, ila miguu inavimba kwa kukanyaga cherehani, na moyo hautulii. Sababu utaisoma hapo chini.

Barua hii naipeleka posta mwenyewe. Humu ndani hakuna anayejua kwamba nimeandika. Nimewaambia nakwenda kununua vifungo.

Mpwa wako anasoma Kiingereza siku hizi, anatafuta kazi ya mapokezi. Mwalimu wao ana mtindo wake: hataki sentensi za kunakili kitabuni. Kila neno jipya lazima ulitungie sentensi ya kweli, ya nyumbani kwenu. Alasiri binti akirudi ananipa daftari nimshikie, anakariri akizunguka meza yangu ya kukatia vitambaa, nami namfuatisha kwa kidole. Mwezi wa nne sasa.

Wiki jana walifundishwa maneno ya kuzuia. Mdogo wangu, Waingereza hawa! Kazi ninayoifanya mimi kwa "koma!" moja, wao wameijazia ukurasa mzima. Kuna stop, kuna prevent, kuna delay, kuna restrain. Nikamuuliza, "Kwani hawa watu walikuwa wanazuiana tu tangu asubuhi?" Akacheka mpaka akakaa chini. Na sentensi zake nazo za kuchekesha. Ile ya stop inasema mama haachi kugombana na redio. Kweli, siachi. Yule mtangazaji ananiudhi.

Mara akaruka mistari miwili. Nikamwambia, "Umeruka."

"Hapo bado hatujafika, mama," akasema, na daftari akalichukua mkononi mwangu.

Hawajafika vipi, na mimi nimeona alama ya vema ya mwalimu, wino mwekundu, pale pale pembeni? Nikaendelea kukata kitambaa. Unanijua, mimi nisipobishana ujue kuna jambo.

Kesho yake alipokwenda kuoga nikalifungua. Mtoto huyu bado anadhani mama yake hajui Kiingereza. Amesahau kwamba anayemshikia mtu daftari miezi minne, naye anasoma. Neno la kwanza lilikuwa withhold, kando ameandika: kumnyima mtu kitu au habari. Sentensi yake inasema tunamnyima mama habari. La pili detain: kumshikilia mtu asiondoke. Sentensi yake inasema mjomba wangu anashikiliwa tangu Juni. Nikairudia mara tatu. Mimi nina ndugu mmoja tu wa kiume.

Hapo ndipo mengine yakaanza kunijia. Barua zako za mkono zilikoma Mei. Tangu hapo unaandika kwenye simu ya mpwa wako, naye ndiye anayenisomea, na humo ndani unaniita "dada mpendwa". Wewe! Tangu lini? Miaka yote mimi ni Bi Sindano. Na shemeji yako, seremala asiyejua kusema polepole hata msibani, siku hizi ananong'ona. Nikiingia tu anaanza kusifia hali ya hewa. Juzi aliisifia, na nje vumbi tupu.

Nikawatega. Nilimwambia mpwa wako akuulize kama saa ya baba bado inatembea. Jibu likaja siku ya pili, limenyooka kabisa: inatembea vizuri, dada, naivaa kila siku kazini. Saa ya baba imo kwenye kopo langu la vifungo. Uliniachia mwenyewe siku unaondoka. Nimeitoa, iko hapa mbele yangu ninavyoandika.

Najua wanaogopa presha yangu, kwa sababu daktari aliwaambia nisishtushwe. Lakini nimekasirika, acha niseme ukweli. Mimi niliyekubeba mgongoni mama alipolazwa, leo habari zako nizipate kwenye zoezi la shule? Na kuna linalonitisha kuliko hilo. Watu walionificha kwamba umeshikiliwa wanaweza kunificha na zaidi ya hapo. Sentensi ile ni ya wiki jana. Ya leo siijui.

Anwani nimeitoa kwenye bahasha yako ya mwisho. Kaka mwoka mikate, unayekaa chumba kimoja na mdogo wangu, kama umeifungua wewe, nisamehe kwa usumbufu. Nakuomba mfikishie popote alipo. Na tafadhali, usinijibu kwa niaba yake. Nitajua.

Mdogo wangu, sitaki maneno matamu. Kosa lako, kama lipo, tutaliongea ukitoka, na nitakugombeza vizuri. Sasa hivi nataka mstari mmoja wa mkono wako. Unakumbuka kioo cha baba cha kunyolea? Ukoo mzima unajua kilivunjwa na paka, na paka wa watu akafukuzwa. Wewe na mimi tu ndio tunaojua nani hasa, na mpaka baba anatutoka hatukumwambia mtu. Niandikie nani alikivunja.

Salamu za nyumbani sikuletei, maana hawajui kama nimekuandikia. Shemeji yako na mpwa wako nawapikia na kucheka nao kama kawaida. Sasa na mimi nawaficha wao. Wasalimie wote mlio pamoja humo. Mungu akufunike, akulainishie mioyo ya wenye funguo.

Kuanzia wiki ijayo nitakuwa nakwenda kununua vifungo kila Jumatatu.

Dada yako akupendaye,
Bi Sindano