Alizeti Zilizoungua Bila Moto

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama, na baba mfikishie shikamoo yangu. Kifua chake kimetulia? Ng'ombe mliobaki nao wanapata majani? Sisi huku Ufipa miili ni mizima, ila moyo wangu haujakaa sawa.

Mvua ilikatika alizeti zikiwa zimefika magotini. Siku hizi ushirika hauleti tena mbolea, wanauza wafanyabiashara wa Majengo, pale Sumbawanga mjini, nawe hujui umwamini nani. Mume wangu, baba Shija, akarudi na mfuko wa mbolea ya chumvichumvi juu ya baiskeli. Muuzaji alimwambia, "Mwaga nyingi, itashindana na jua." Tukamwaga upande wa chini wa shamba, udongo mkavu kama unga.

Mama, majani yaliungua kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni, kisha mimea ikalala. Mahindi yalishakauka, tumebaki na alizeti tu, na baba Shija akaanza kusema zikifa tutahama tena na mifugo, tushuke Kasanga kule ziwani, tusikomjua mtu. Nami mimba imeshakuwa kubwa.

Kesho yake namkuta anapanda kwenda upande wa juu wa shamba na mbolea iliyobaki.

"Hazijashiba hizi," akasema.

"Zina kiu, baba Shija. Mwenye kiu humlishi chumvi."

"Nipishe."

Sikumpisha. Nilisimama kwenye tuta, mikono tumboni, nikijua leo nitapigwa. Jirani yetu Mfipa, mama Oresta, alitusikia akaja, jembe begani. Hakuuliza nani ana kosa. Alisema tu, "Samadi ya zizi lenu mnamwekea nani?"

Mume wangu akaushusha mfuko. Tukatia samadi iliyooza kila shina, juu yake nyasi kavu, unyevu usitoroke. Wafipa nao hufukia nyasi kwenye matuta yao. Mvua iliporudi, haba, ndipo tukaweka mbolea kidogo kidogo kwenye udongo mbichi. Upande wa juu umechanua. Wa chini tumeung'oa wote.

Kuhama kumesimama. Lakini hofu haijanitoka, maana mvua imekatika tena. Jana baba Shija alipiga magoti, akazamisha kidole udongoni, kikatoka kikavu. Akaniangalia mimi, niseme la kufanya. Nikasema tusubiri. Mama, sijui kama nimesema sawa.

Nisalimie shangazi aliyenifundisha kukamua, na mdogo wangu anayechunga. Mwambie shangazi mtoto akiwa wa kike atachukua jina lake.

Tuombeeni mawingu.

Ni mimi binti yako,
Kabula