Darasa la Kwenye Foleni ya Maji

Jumatatu, 4 Oktoba

Darasa langu la Kiingereza limejaa tena. Tupo kwenye ghala la zamani la ushirika, tupu tangu wanunuzi binafsi waje Newala na mizani yao. Wanaongea Kiingereza mbele yetu wakipima korosho. Wanadhani sisi magunia. Ndiyo maana watu wanakuja kwangu.

Leo wakati ujao, kauli ya kutendwa. Nimeandika ukutani kwa mkaa: The road will be built. Barabara itajengwa.

Mama Salima, anayeuza mihogo, akauliza, "Itajengwa na nani, Baba Asha?"

Nikasema Kiingereza kinaruhusu kutomtaja.

"Basi hicho Kiingereza cha serikali."

Nimecheka mpaka nikakohoa.

Jumatano, 6 Oktoba

Mtendaji wa kata kaja. Ghala kapewa mnunuzi. Halafu eti asiye na cheti hafundishi. Kweli sina. Kiingereza nilikipata hospitali ya Ndanda, mguu umening'inizwa, kwa kitabu cha sarufi cha mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Darasa litafungwa Ijumaa," kasema.

Nikauliza, na nani?

"Na mimi."

Angalau kajitaja. Ni mdogo kwangu sana. Nikampa shikamoo, taratibu, mbele ya watu. Akapanda pikipiki yake.

Nina hasira. Sifungi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kufuli jipya mlangoni. Wanafunzi wamesimama juani.

Mama Salima kasema ndoo zake ziko foleni bombani tangu alfajiri, atakaa nazo hadi jioni, kwa nini nisikae naye? Nimekwenda. Wengine wakaenda kuchukua ndoo zao. Nimefundisha chini ya ukuta wa tangi, fimbo na mchanga. The water will be brought. Maji yataletwa. Wameitikia kwa sauti kubwa kuliko ghalani.

Mtendaji akatokea. "Nani kaitisha mkutano huu?"

"Bomba, mwanangu," kasema Mama Salima. "Lihoji."

Foleni ya maji Newala haivunjwi na mtu. Akiivunja, watu hawatamwacha alale. Na ndoo ya mkewe ilikuwa ya tatu kutoka mbele. Kaiangalia, kaondoka.

Jumatatu, 11 Oktoba

Pampu imeharibika tangu jana. Mji mzima unajua. Maji leo hakuna, kesho hakuna.

Nilipofika bombani, ndoo zilikuwa zimepangwa hadi barabarani. Watu wamekaa pembeni, wananisubiri.