King'ora Kisichofika Bwenini

Jumatatu, 3 Februari

Mlio wa king'ora bado uko masikioni. Tiii moja ndefu, kisha makofi. Nilikuwa nasahihisha insha za Kidato cha Pili ofisini Muthoni alipobonyeza kitufe cha mashine aliyoiunda. Sasa moshi ukitokea bwenini, king'ora kitalia. Mwalimu mkuu akasema shule yetu ndogo ya Giakanja imeingia karne mpya. Muthoni anafundisha kompyuta. Ana mwaka mmoja tu hapa.

Mimi kwa miaka miwili nimeomba walimu tusaidiane na matroni kuzunguka bweni usiku. Hakuna aliyenipigia makofi.

Nina wivu. Naandika ili nisiuseme.

Jumanne, 4 Februari

Somo la historia: Titanic. Mashua za uokoaji zilitosha karibu nusu ya watu, na sheria ya wakati ule iliridhika. Waliiamini meli kuliko walivyoiogopa bahari. Nyawira, dawati la mbele, akauliza kama barafu iliyoizamisha ni kama ya mlima wetu. Nikasema ni kama hiyo, ila inatembea. Wakacheka.

Matroni ameambiwa asizunguke tena na tochi. Mashine ipo.

Jumatano, 5 Februari

Saa kumi Muthoni alijaribu mashine tena. Nilikuwa bwenini nakagua vitanda. Sikusikia kitu. Ng'ombe wa jirani tu.

Nikaelewa. King'ora kimefungwa ofisini ili wasichana wasikichezee. Ofisi iko kule langoni, na hufungwa saa kumi na mbili. Usiku kitavililia viti.

Nilipaswa kukimbia kumwambia. Nilitembea polepole, nikanywa chai. Jumamosi ni maonyesho ya mashine: wazazi watasimama mlangoni pa bweni, moshi wa majaribio utafukizwa, na Muthoni atasubiri mlio ambao hautafika. Nataka kuuona uso wake.

Alhamisi, 6 Februari

Nimelala usiku mzima nikijua.

Somo likaendelea. Meli nyingine ilikuwa karibu. Mtu wake wa redio alikuwa amezima mtambo, akaenda kulala. Ndiyo maana baadaye sheria ikataka mashua za kumtosha kila mtu, na sikio lililo macho saa zote. Redio peke yake haisikii.

"Huyo wa redio namsamehe," Nyawira akasema. "Alikuwa amechoka. Lakini si ulisema wengine kwa hiyo meli waliona fataki za kuomba msaada? Ati waliona tu, wakanyamaza?"

"Waliona."

"Hao sasa, Mwalimu, walikuwa wanangoja nini?"

Darasa zima likaningoja. Nikafuta ubao.

Nyawira analala kitanda cha nne, cha juu.

Ijumaa, 7 Februari

Nilimwambia Muthoni asubuhi na mapema, nyuma ya jikoni, tukiwa wawili.

"Umejua tangu lini, Shiru?"

"Jumatano."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka uaibike mbele ya wazazi."

"Ungesema tu uko na wivu, nikununulie mandazi." Hakucheka. Mimi pia sikucheka.

Mchana tulikibandua king'ora ofisini, tukakipeleka bwenini. Yeye nyaya, mimi kushika ngazi. Alizivuta kwa nguvu kupita kiasi. Nilidhani ni hasira. Baadaye nikaona anavihesabu vitanda kwa macho.

Jumamosi, 8 Februari

Kililia nje ya mlango wa matroni. Wasichana themanini walitoka mbio, wengine na soksi tupu. Mwalimu mkuu akamshukuru Muthoni. Makofi tena. Yaliniuma vilevile. Nilidhani yangeuma kidogo.

Wazazi walipoondoka, Muthoni akamwambia mwalimu mkuu kwamba mashine bila mtu aliye macho ni pambo. Akaomba matroni arudishiwe tochi, na walimu wamsaidie kwa zamu. Ombi langu la miaka miwili. Kwake lilikubaliwa kabla chai haijapoa.

Nilikaa peke yangu darasani mpaka manyunyu yakaisha. Nyawira na wenzake walikuwa wanafua nje, wanabishana kuhusu sabuni.

Daftari la zamu liko kwa matroni. Nimeshaandika jina langu, Jumanne na Alhamisi. La Muthoni liko Jumatano, katikati. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.