Kadi Isiyoona Mtandao

2 Machi

Dada, shikamoo. Natumaini u mzima na kibanda chako cha kutengeneza kompyuta kina wateja. Mimi mzima, ila mgongo tu unalia.

Dari ya mgodi imepasuka. Mpima miamba wa hapa aliipiga picha, akafukuzwa. Akaniachia laptop, picha zimo ndani. Nataka uwapelekee wakaguzi wa migodi. Simu wametunyang'anya, na flashi haitoki: getini kuna mashine ya kunusa chuma. Karatasi hii dereva wa gari la maji ameificha kiatuni. Mtandao wa ofisini upo, mpishi kanipa nywila, lakini laptop haiuoni. Mfumo wake ni ule wa bure, wenye alama ya ndege mnene asiyeruka. Chini kuna kibandiko: K-4471.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Sisi wazima. Mama anakuulizia kila siku, namwambia unakula vizuri.

Hicho kibandiko ni cha laptop! Nataka namba ya kadi ya mtandao. Haina draiva, yaani faili la kuifundisha kompyuta kuitumia kadi. Fungua dirisha jeusi la kuandikia amri, andika lspci, ubonyeze Enter. Ninakilie mstari wenye neno Network, hata nukta usiiache.

Dada yako

16 Machi

Dada, shikamoo. Mstari uko nyuma ya karatasi, nimeuhakiki mara tatu.

Ufa ulikuwa unapitisha njiti ya kiberiti, sasa kidole kinaingia. Nilimwambia msimamizi, akasema, "Kumbe nawe mhandisi!" Wenzangu wakacheka. Kesho yake akanihamishia palepale chini ya ufa.

Mdogo wako

23 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Kuingia hawapekui, ndiyo maana dereva amekuletea flashi. Jaribu faili la kwanza, uzime, uwashe. Likigoma, la pili. Anwani ya ukurasa wa mtandaoni wa kuniandikia na kutuma picha nimeiweka humohumo. Fanya haraka.

Dada yako

25 Machi, saa sita mchana

Dada, shikamoo. Imeshika! Lilikuwa faili la pili. Picha zote kumi na moja zimepanda mtandaoni.

Laptop naiacha imewaka chini ya godoro, nisome majibu nikitoka. Saa saba nashuka. Nikikataa, atashushwa mwenzangu wa kitanda cha juu, na ana mtoto mchanga.

Mdogo wako

25 Machi, saa tisa alasiri

Saa nane nilikuandikia kwamba wakaguzi wamezipokea picha, na kesho asubuhi wanakuja bila kubisha hodi. Ujumbe huo unaonyesha umesomwa saa nane na dakika tano.

Lakini saa hiyo ndugu yangu alikuwa chini mgodini; hakuusoma yeye.

Wewe uliyekaa kitandani kwake, najua unasoma. Mtoe humo chini. Watoe wote.

Dada yake