Kamba Tupu za Atlanta

Atlanta, 20 Julai 1881

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mgongo wako unaendeleaje na hayo marobota ya pamba? Sisi wazima, ila joto la mwaka huu limezidi.

Baba, Mama amechaguliwa na madobi wenzake awaandikishe. Madobi walikutana kanisani wakaunda chama, wakakubaliana kwamba hakuna atakayefua nguo za mtu mpaka bei ipande. Kila jioni Mama anapita mlango kwa mlango kuwaandikisha wenzake. Wateja waliokuja kudai nguo zao walirudishiwa zikiwa mbichi, na sabuni ndani. Dada Keziah, jirani yetu, alimwambia mmoja kwamba jua ni la bure, akaanike mwenyewe.

Mwalimu wetu anasema historia huandikwa na watu wakubwa. Mimi namtazama Mama akifunga kilemba chake, na nadhani mmoja anaishi nyumbani kwetu.

Bintiyo,
Lovonia

Bandarini Savannah, 29 Julai 1881

Binti yangu Lovonia,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mgongo unauma, lakini kazi inaendelea.

Mwambie mama yako aache. Mji huo naujua, na jela yake naijua. Aache wengine watangulie, yeye ana mtoto anayesoma. Akikamatwa, wenzake watarudi kwenye mapipa ya kufulia siku hiyo hiyo, na yeye atabaki ndani peke yake.

Baba yako,
Ransom

Atlanta, 19 Agosti 1881

Kwa Baba,

Pole na kazi, na unisamehe kwa kukaa kimya. Sikutaka kukuandikia kabla ya kuujua mwisho. Sasa tuko salama.

Mama alikamatwa akiwa mlangoni kwa mtu. Polisi walisema anapiga kelele. Akaambiwa atoe faini na aahidi kukaa kwake, ataachiwa. Akakataa kuahidi.

Nilibaki peke yangu, nikataka kufanya jambo jema. Nikafua kitambaa cha Meza ya Bwana kwa ajili ya Jumapili, nikakianika uani. Hata hakijakauka, wanawake walijaa langoni, Dada Keziah mbele.

"Mama yako yuko ndani kwa ajili yetu, na wewe umeanika?" akasema. "Hilo shuka la nani, la jaji?"

Nikamwambia ni la kanisa. Hakuniamini. Alikishika kitambaa, akakigeuza, akaliona doa la divai.

"Ni kweli, la kanisa," akawaambia wenzake. "Na huyu ni mtoto wa Arminda, lakini doa limemshinda."

Walicheka, hata mimi nikacheka huku nalia. Halafu Dada Keziah akaacha kucheka. Alisema anayepita barabarani hawezi kuingia kuuliza nguo ni ya nani. Akiona kamba ina kitu, atajua tumeshindwa. Basi kila nyumba ikaanua kila kitu, hata nepi za watoto, tukakausha ndani juu ya jiko. Hapakupumulika. Lakini ukisimama juu ya kilima, bonde zima kamba zilikuwa tupu.

Mama alipomaliza siku zake za jela na kufunguliwa, nilikwenda kumpokea. Alipofika kilimani alisimama, akatazama kamba tupu bondeni.

"Kila asubuhi askari jela waliniambia mmesharudi kufua," alisema. "Nikawa nawajibu kwamba ni waongo, ila usiku nilikuwa na shaka."

Jana bibi mmoja mteja alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Mama akamtajia bei yetu. Akaondoka amekasirika. Leo amerudi na kapu, na amekubali.

Bintiyo,
Lovonia

Savannah, 27 Agosti 1881

Lovonia, mwanangu,

Natumaini wote wawili mnapata usingizi sasa.

Barua yako niliwasomea wenzangu kwenye bweni. Nilipofika pale pa Mama kilimani, wakaniomba nirudie. Mzee Cato akauliza, "Ransom, huyo ni mke wako kweli?" Nikasema ndiye. Akasema hajui alinikubali kwa lipi.

Ile barua yangu ya kwanza ichome.

Usiniandikie hapa tena, maana bweni ni la mwajiri na huenda tukafukuzwa. Kesho meli tatu zinafunga gati kuchukua pamba. Hakuna kati yetu atakayegusa robota mpaka malipo yapande. Mimi ndiye waliyemchagua kwenda kumwambia mwajiri.

Mwambie Arminda kwamba naogopa, na kwamba nakwenda.

Baba yako