Barafu ya Pumzi

6 Desemba

Kwa Baba mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko mgodini ukiwa mzima. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshika. Leo ni nyuzi arobaini na nane chini ya sifuri, na wanafunzi wadogo wamebakishwa nyumbani. Sisi wa darasa la nane tumeenda. Mgongo wako unaendeleaje? Na ile soksi ya kushoto niliyoifuma vibaya, bado unaivaa?

Barua hii nampa Gavril dereva aje nayo kwenye lori lake. Ameniambia, "We Sargilana, mimi nabeba dizeli, sibebi mapenzi ya familia." Lakini ameiweka ndani ya koti, kifuani, si kwenye kisanduku cha lori.

Gari nalitunza kama ulivyonifundisha. Saa kumi na moja asubuhi nachomeka waya wa kupasha injini. Saa kumi na mbili naondoa blanketi la injini, nawasha, naliacha lingurume dakika arobaini. Hita naielekeza kwenye kioo cha mbele, kidogo kidogo, kisipasuke. Mama akitoka kwenda kwa wagonjwa wake anakuta kioo kinaonyesha njia. Mchana kutwa halizimwi, linanguruma nje ya zahanati. Na ile sheria yako naifuata: ndani ya gari hakuna kuongea ukikielekea kioo, hakuna supu ya moto, hakuna kulia.

Kuna jambo linanisumbua. Kila asubuhi nakuta barafu ndani ya kioo cha mbele, si nje, tena upande wa dereva tu. Ni nene, ni duara kama sinia. Kuikwangua kunanichukua robo saa na vidole vinakufa ganzi. Ulipokuwepo wewe haikuwepo. Itakuwa nini?

Ulisema utarudi Februari. Nimeweka alama kwenye kalenda, kwa penseli tu.

Binti yako,
Sargilana


21 Desemba

Kwa binti yangu,

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilisinzia ikiwa usoni. Mimi ni mzima. Mgongo ndio ule ule. Soksi ni nzima kuliko mguu wenyewe. Mama yako hajambo? Na Bibi, anakula vizuri?

Hiyo barafu najua ni nini. Ni rejeta ndogo ya hita. Inavuja, mvuke unapanda kiooni usiku na kuganda. Fanya hivi: inua zulia la miguuni kwa dereva, uliguse kama limelowa. Linuse, maji ya rejeta yana harufu tamu. Kisha tazama kwenye kopo lake kama yanapungua. Usiyaonje, ni sumu.

Kuhusu Februari. Watu wawili wameugua, na msimamizi anataka nibaki mpaka baridi ijayo. Njia yetu ni juu ya mto ulioganda, ukishayeyuka lori halipiti tena, kwa hiyo nikikosa lori la mwisho la Machi nimekosa mpaka baridi irudi. Ananiambia, "Prokopi, wewe ni fahali, huchoki." Nachoka. Tunalala watu kumi na wawili katika kibanda kimoja cha chuma, akikohoa mmoja tunaamka wote. Sijamjibu.

Baba yako


8 Januari

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na pole kwa hao wanaokohoa. Mimi sijambo. Mama anasema hajambo.

Nimefanya yote uliyosema. Zulia ni kavu. Maji kwenye kopo yako pale pale. Nimeyapima kwa rula siku nane. Harufu tamu hakuna, kuna ya mbwa tu. Mama alinikuta nimeinama, pua zuliani.

"Umepoteza nini, mwanangu?"

"Natafuta uvujaji, Mama. Baba kasema hita inavuja."

Akacheka kidogo. Kisha akageuka, akaingia ndani bila kufunga mlango wa gari, yeye ambaye hunigombeza kila nikiuacha wazi.

Barafu bado ipo. Jumatatu nilikawia kuikwangua, Mama akaondoka na tundu dogo la kuchungulia, akaligusa lori la maziwa. Hakuumia mtu. Taa moja imepasuka. Dereva wa maziwa alisema, "Nesi, wewe utatuua sisi wazima ili upate wagonjwa." Wote walicheka isipokuwa Mama.

Tafadhali usimjibu msimamizi bado.

Binti yako,
Sargilana


30 Januari

Kwa binti yangu,

Natumaini wote ni wazima. Nasikia huko ilifika nyuzi hamsini na nne. Mimi nipo.

Hukunijibu kuhusu Bibi.

Nimempa Gavril mpira wa maji wa hita nilioutoa kwenye lori bovu hapa. Nimekaa chini ya lori hilo Jumapili nzima, siku yangu ya kupumzika, na bado silihisi sikio la kulia. Mpelekeeni fundi aubadilishe. Kama si rejeta basi ni mpira wake. Kioo hakiwezi kupata barafu bure.

Msimamizi nimemwambia nitabaki. Karatasi ataileta mwanzoni mwa Machi, nisaini. Usikasirike, mwanangu. Nikiwa hapa mna kila kitu, na wewe unaliweza gari. Si unaona? Huko hamna upungufu.

Baba yako


19 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Salamu. Natumaini sikio linaendelea vizuri. Lipake mafuta ya bata kama lipo hata tone.

Sijakasirika. Nimefuta alama ya penseli.

Fundi ameukagua mpira wetu, akasema ni mzima kuliko huo ulioutuma, na anakusalimu. Nimekurudishia wako kwa Gavril. Alinung'unika: "Mpira huu umesafiri kuliko mimi."

Kuhusu Bibi: Mama ameniagiza habari za Bibi niwaachie wakubwa. Nimeahidi, kwa hiyo siandiki. Nilimuuliza kama ninaruhusiwa kuandika kuhusu kioo. Akasema, "Kioo andika hata kurasa kumi, baba yako atafurahi." Basi naandika kuhusu kioo.

Mwalimu wetu wa fizikia anasema ukitafuta chanzo, badilisha kitu kimoja tu, vingine viache. Kila jioni tukimaliza kula, Mama hutoka kufunika injini kwa blanketi. Kazi hiyo ni ya dakika tatu, nimeipima mwenyewe. Yeye hukawia nusu saa, wakati mwingine zaidi. Basi nikamwomba niifanye mimi. Siku nne nilifunika mimi: kioo kikavu, safi kabisa. Siku ya tano akafunika yeye: barafu. Ya sita yeye: barafu. Ya saba mimi: safi. Siku hiyo ya saba alizunguka ndani kama mtu aliyenyang'anywa kitu, kwa hiyo kazi nimemrudishia.

Barafu huwa juu kidogo ya usukani, mahali panapokabili uso. Sijui maana yake, Baba. Nakuandikia nilichokiona tu. Nyumba yetu unaijua, vyumba viwili, na hakuna pembe ya kuwa peke yako.

Binti yako,
Sargilana


12 Machi

Kwa binti yangu Sargilana,

Hita haina ubovu. Mwambie fundi asiguse kitu.

Miaka ishirini nimefanya kazi na magari, na nimekuhangaisha na zulia. Hapa kwetu kuna lori la maji linaloegeshwa nyuma ya kibanda. Baadhi ya jioni mimi hupanda humo nikajifungia. Asubuhi dereva wake hulalamika kwamba kioo chake kimeganda kwa ndani. Mimi nakunywa chai yangu.

Kwa hiyo ningepaswa kujua. Mama yako analia humo. Wewe ulijua kabla yangu, ukaniambia kwa adabu.

Usimwambie kwamba ninajua. Mwache afunike injini yeye. Barafu ikwangue polepole, usipige kelele chini ya dirisha lake.

Karatasi imeletwa. Iko chini ya godoro. Sijaisaini, na leo msimamizi hanisalimii.

Baba yako


6 Aprili

Kwa Baba mpendwa,

Hii hakuna wa kuibeba. Gavril ameegesha lori mpaka baridi ijayo, na wewe umelala chumba cha pili huku unakoroma. Lakini Mwalimu anasema barua hujibiwa, na ile ya Machi sikuijibu.

Sasa umeona mwenyewe niliyokatazwa kuandika. Tangu Oktoba Bibi hamtambui Mama. Kila siku alikuwa anamuuliza, "We mwanamke, nani kakuingiza nyumbani kwangu? Umeniibia mwanangu umemficha wapi?" Na Mama anamlisha, anamwosha, anamjibu, "Yupo kazini, Mama, atakuja." Juzi ulipoingia na theluji mabegani, Bibi alikutazama wewe pia, akauliza, "Kijana, wewe ni wa nani?" Ukapiga magoti ukasema, "Wa kwako." Akasema, "Basi vua viatu." Mama akaegemea jiko. Nilidhani atalia, lakini alikuwa amelala amesimama.

Jana jioni baada ya kula alichukua blanketi kama kawaida. Ukasema, "Ngoja, nikushikie upande mmoja." Blanketi halihitaji watu wawili. Nilisafisha vyombo vyote, nikamlaza Bibi, nikafanya hesabu za kesho, na bado hamjarudi.

Leo asubuhi ni nyuzi kumi na tisa tu chini ya sifuri. Nimechomeka waya, nimeondoa blanketi, nimefungua mlango. Kioo cha mbele kina barafu ndani: duara moja upande wa dereva, na duara jingine upande wa abiria.

Sikukwangua. Nimewasha injini, nimeielekeza hita kiooni kidogo kidogo, nikakaa kiti cha nyuma nimejifunika mdomo kwa skafu, pumzi yangu isichanganyike, nikangoja yayeyuke yenyewe.

Binti yako,
Sargilana