Laini ya Pili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa, si umelala, na magoti yamekuruhusu kutoka nje kuota jua. Huku tunapumua. Mjukuu wako ameota meno mawili ya chini. Juzi kang'ata kipande cha sabuni, akalia kana kwamba mimi ndiye niliyempa. Bado nafua kwenye nyumba zile zile. Dada atakusomea, mwambie asikimbize maneno.

Utajiuliza kwa nini naandika na simu ipo. Mama, sauti yangu imechezewa. Lakini mwandiko wangu huu wa kulala lala unaujua tangu nikiukwaruza sakafuni kwa mkaa.

Wiki iliyopita nilimpigia dada, nikauliza hospitali wamekupa lini siku ya kupasuliwa jicho. Akasema, "Umekula jicho la mama, na bado una mdomo wa kuuliza?"

Ndipo akanieleza kwamba miezi kadhaa iliyopita nilikupigia kwa namba mpya nikilia, mtoto amelazwa, hawamtibu bila malipo. Kwamba ulituma hela yote ya upasuaji, na kabla ya kutuma simu ikakuonyesha majina yangu yote matatu, mpaka la marehemu baba, ukasema ni yeye. Mama, mtoto hajawahi kulazwa. Namba ile siijui. Nikaapa, dada akakata.

Nikaenda ofisi ya kampuni ya simu, mtoto mgongoni. Mhudumu akaingiza namba ya kitambulisho changu, akaniambia nina laini mbili. Nikamwambia nina moja. Akanigeuzia kioo cha kompyuta nione mwenyewe: ya pili ilisajiliwa siku ile niliyokwenda kurudisha laini yangu, baada ya simu kutumbukia kwenye beseni la nguo.

Nikamkumbuka yule kijana wa laini anayekaa chini ya mwavuli. Alinibonyezesha kidole kwenye kimashine chake, akasema hakijasoma, rudia. Nikarudia. Akacheka, akasema, "Dada, wewe umefua mpaka alama za vidole." Nami nikacheka, maana kweli sabuni imenichubua, na mashine hizo hunikataa kila mara. Kumbe mara ya kwanza kilisoma. Mara ya pili alikuwa anasajili laini ya wizi kwa jina langu. Akaniomba na namba ya ndugu wa karibu. Nikampa yako mama, ndiyo pekee niijuayo kwa kichwa.

Mwavuli haupo tena. Polisi walinihoji kutwa nzima kama mwizi, maana kuna wengine waliotapeliwa na laini hiyo, na mwenye jina ni mimi. Sasa imefungwa. Hela, wamesema nisiingoje.

Kinachoniliza zaidi ni kwamba hukunilaumu. Dada anasema ulimwambia, "Mwache, anayeuguza hana aibu." Miezi yote hiyo ulikuwa ukinipigia unauliza tu mtoto ameamkaje, najibu mzima, nawe unamshukuru Mungu, unakata. Ungenigombeza mara moja tu, mama, ningejua, na jicho la kushoto lisingezimika ukiwa kimya.

La kulia daktari amesema bado linaokoleka. Nimeongeza nyumba nyingine ya kufua, na mhudumu yule wa kampuni ya simu ameniandikia karatasi ya kuthibitisha kwamba tuliibiwa, niipeleke hospitali, huenda wakatupunguzia. Tutaliwahi.

Naomba jambo moja. Akikupigia mtu anayejiita mimi na anataka hela, kata. Hata jina likitokea langu, kata. Hata akilia, kilio hakina sauti ya mtu. Kata, halafu nipigie kwa namba yangu ya siku zote. Na kama kweli nilikuwa mimi nalia, sitakasirika. Nitakaa na simu mkononi nikikungoja.

Msalimie dada, sina kinyongo naye. Mjukuu wako anakushika miguu.

Ni mimi kitindamimba wako, ambaye siku ile hakukupigia.